Chuma Kizito Kutoka Juu: Je, Chaishinda Baruti?

Kuna neno linalopita kinywa kwa kinywa kati ya vijana wa shule, na hata kati ya wazee wao. Husemwa kwamba mataifa makubwa hayana tena haja ya baruti. Yatosha ndege moja iendayo kasi kuliko sauti. Ipande juu sana, mahali ambapo macho hayafiki, iachilie nguzo ya chuma kizito, na nguzo hiyo ikifika chini yafanya kazi ya bomu la atomu, bila moto, bila sumu, bila mlio wa kuwaonya watu. Tena wengine huongeza chumvi: kwamba chuma hicho ni wolframu, jiwe lile jeusi lichimbwalo katika milima ya Kivu, na kwamba hiyo ndiyo sababu wageni hulitafuta usiku na mchana.

Kwa watu waliokwisha kusikia mabomu kwa masikio yao wenyewe, neno kama hilo si mchezo. Mzazi mwenye watoto hutaka kujua lililo kweli na lililo uvumi, maana hofu isiyo na msingi nayo huvunja nyumba: watu huuza shamba kwa bei ya bure, huhama usiku, hutoa watoto shuleni. Basi, wasomaji wapenzi, na tulipime neno hili kwa hesabu. Hesabu yenyewe si ngumu. Mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya kwa kalamu moja na ukurasa mmoja wa daftari, na ningefurahi kama wazazi wangeketi karibu naye wakitazama.

Nguvu ya kitu kiendacho hutokana na mambo mawili, uzito wake na mwendo wake. Ukiongeza uzito mara mbili, nguvu huongezeka mara mbili. Lakini ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Madereva wanaoteremka Ngomo kwenda Kamanyola na Uvira walijua jambo hilo kabla ya kulisoma kitabuni: lori liendalo kilomita 80 kwa saa, likikanyagiwa breki, huhitaji nafasi mara nne ya lile liendalo 40 kabla halijasimama. Kwa hiyo wale waliobuni silaha ya chuma kitupu hawakuwa wajinga. Walijua kwamba siri imo katika mwendo, nao wakatafuta ndege yenye mwendo mkubwa.

Sasa tuchukue mfano wa hapa kwetu. Tuseme ndege yaruka juu ya uwanja wa Kavumu, mita 15,000 juu ya nchi, ikielekea kusini kwa mwendo mara mbili wa sauti. Huko juu hewa ni baridi sana, na katika baridi sauti hupunguza mwendo wake hata kufika karibu mita 295 kwa sekunde. Ndege basi yaenda mita 590 kwa kila sekunde. Rubani aachilia nguzo ya wolframu yenye uzito wa tani moja. Tuisahau hewa kwanza, tufanye kana kwamba haipo. Nguzo haianguki wima kama parachichi bivu. Yaendelea mbele pamoja na ndege huku ikishuka, kama mzigo udondokao kutoka lori liendalo mbio. Kushuka mita 15,000 kwachukua sekunde 55. Katika sekunde hizo nguzo imekwenda mbele zaidi ya kilomita 32. Yaani, iliyoachiliwa juu ya Kavumu yaja kuanguka mbali sana upande wa kusini.

Ifikapo chini, mwendo wake wa kushuka ni mita 540 kwa sekunde, na ule wa kwenda mbele bado ni 590. Ukizijumlisha kwa kanuni ya Pitagora, wapata mita 800 kwa sekunde. Ni mwendo wa kutisha. Lakini sasa ndipo tuiweke mizani mbele yetu. Kilo moja ya chuma iendayo mita 800 kwa sekunde hubeba sehemu moja tu katika 13 ya nguvu zitolewazo na kilo moja ya baruti kali iitwayo TNT inapolipuka. Kwa hiyo tani nzima ya wolframu, iliyopandishwa juu kwa gharama kubwa na kuangushwa na ndege ya thamani kubwa, yaleta nguvu za kilo 77 za TNT. Bomu la kawaida la Wamarekani liitwalo Mk 82, lenye uzito wa kilo 227 tu, lina ndani yake kilo 87 hivi za baruti. Bomu hilo dogo, ambalo hata ndege isiyo na mbio hulibeba chini ya bawa, limekwisha kuishinda tani yetu ya chuma.

Labda mtu atasema: Tafuta ndege yenye mbio zaidi! Haya, tuichukue ndege ya Wamarekani SR-71, ambayo mwezi wa Julai 1976 iliweka rekodi ya kilomita 3,529 kwa saa, na ambayo iliweza kuruka mita 25,000 na zaidi. Ndege hizo zimekwisha kustaafu. Hata kama moja ingeangusha chuma chetu kutoka huko juu, na hata kama hewa isingekuwako, chuma kingefika na mwendo wa mita 1,200 kwa sekunde, nazo ni nguvu za sehemu moja katika sita ya TNT. Ili kilo ya chuma ilingane na kilo ya TNT, yapasa iende karibu mita 2,900 kwa sekunde, mwendo mara nane na nusu wa sauti hapa chini. Hakuna ndege ya mabomu iwezayo kukipa chuma mwendo kama huo.

Lakini hewa iko, nayo ni adui wa kila kitu kiendacho mbio. Kadiri nguzo inavyoshuka, hewa yazidi kuwa nzito na kuisukuma nyuma. Kitu chembamba na kizito kwa kimo chake hupoteza mwendo kidogo. Kitu kinene na chepesi hupoteza sana. Hapo ndipo wolframu ilipopata sifa zake. Bidoni ya lita 20, ile ya kutekea maji, ikijazwa zege hufika kilo 48 hivi. Ikijazwa chuma cha kawaida, kilo 157. Ikijazwa wolframu safi, kilo 386, karibu sawa na dhahabu. Tena wolframu haiyeyuki mpaka moto ufike digrii 3,422. Basi si uongo kwamba jiwe hili lafaa kwa mishale ya vita, na nitalirudia jambo hilo mbele kidogo. Uongo ni kudhani kwamba uzito wake waweza kufanya kazi ya baruti kwa kutupwa tu kutoka ndegeni.

Kuna na shida ya ndege yenyewe. Mabomu yaliyotundikwa chini ya mabawa huikamata hewa kama mwavuli uliofunguliwa kwenye pikipiki. Ndege nyingi zisemwazo kupita sauti hupita sauti zikiwa tupu au na mzigo mwepesi. Zikishapakiwa mabomu mazito haziwezi tena. Zaire ilinunua ndege za Mirage 5 katika miaka ya 1970, zenye kuweza mwendo mara mbili wa sauti. Kenya ina F-5 tangu mwishoni mwa miaka ile ile, na Uganda ilianza kupokea Sukhoi 30 mwaka 2011. Zote ni ndege za mbio. Hata hivyo zikienda kuangusha mabomu huenda polepole kuliko watu wadhanivyo. Ndege ya Congo inayojulikana zaidi katika mbingu za Kivu miaka hii, Sukhoi 25, ambayo moja yake ilipigwa kombora juu ya Goma tarehe 24 Januari 2023, haipiti sauti kamwe. Ilijengwa iruke chini na ibebe mzigo.

Kuachilia kitu katika mwendo mkubwa kuna hatari yake pia, na hatari hiyo humwangukia rubani kwanza. Tarehe 21 Septemba 1956, karibu na Long Island huko Marekani, rubani Tom Attridge alikuwa akiijaribu ndege mpya ya kampuni ya Grumman. Alipiga mizinga yake kuelekea baharini, kisha akainamisha ndege na kuongeza mbio. Risasi zake zilikuwa zikipunguzwa mwendo na hewa. Ndege, yenye injini, haikupunguzwa. Baada ya sekunde 11 hivi alizikuta risasi zake mwenyewe zikimngoja njiani, zikamtoboa kioo na injini. Alianguka msituni, akavunjika mguu, lakini alipona.

Miaka kumi baadaye haikuwa vile. Tarehe 30 Julai 1966 Wamarekani walijaribu kuachilia ndege ndogo isiyo na rubani, iitwayo D-21, kutoka mgongoni mwa ndege kubwa iliyokuwa ikienda zaidi ya mara tatu ya mwendo wa sauti. Kwa mwendo huo hewa inayozunguka ndege ni kama ukuta. Kitu kikiachiliwa hakijui kama kitasukumwa mbali au kitarudishwa. D-21 ilirudi ikampiga mama yake. Ndege ilikatika vipande viwili juu ya bahari ya Pasifiki. Watu wawili walitoka kwa miavuli. Mmoja aliokolewa, na mwenzake, Ray Torick, alizama. Jaribio lile la kuachilia kutoka mgongoni halikurudiwa tena.

Haya yote, gharama na hatari, mataifa yenye fedha yangeweza kuyavumilia kama silaha ingepiga ilipotumwa. Na hapa ndipo, kwa maoni yangu, penye shida iliyo kubwa kuliko zote, na ndipo penye neno linalotuhusu sisi tulio chini.

Bomu la baruti likikosa kwa mita kumi bado huenda likaharibu lililotumwa. Nguzo ya chuma ikikosa kwa mita kumi haijafanya kitu, isipokuwa kuchimba shimo, au kupenya nyumba ya mtu mwingine. Kumbuka mfano wetu wa Kavumu: ndege yaenda mita 590 kwa sekunde. Rubani akichelewa kwa sekunde moja, nguzo yaanguka mita 590 mbali. Akichelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, muda ule wa kupepesa jicho, ni mita 59. Katika vilima vya Kadutu, ambako nyumba zimepandana kama vyungu dukani, mita 59 ni jamaa nyingi za watu. Na bado hatujasema upepo, ambao katika safari ya karibu dakika nzima husukuma kutoka pande mbalimbali kadiri ya urefu.

Historia ya nchi zetu ina ushahidi wa kutosha kuhusu kukosa. Mwezi wa Juni 1916, ndege za Wabelgiji ziwezazo kutua majini zilivuka ziwa Tanganyika kwenda kuangusha mabomu katika bandari ya Kigoma, ambako ilikuwako meli ya Wajerumani Graf von Götzen. Zilikuwa ndege za mbao na turubai, zikienda mwendo ambao pikipiki ya leo yaweza kuufikia. Meli haikuzamishwa na mabomu hayo. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi wa Julai walipokimbia, wakiwa wamekwisha kuipaka injini yake mafuta mazito ili isiharibike, na baadaye Waingereza waliitoa majini, ikaitwa Liemba, ikabeba abiria kwa miaka mingi.

Mwaka 1967 ilikuwa zamu ya Bukavu. Askari wa kukodiwa waliokuwa chini ya Jean Schramme waliuteka mji mwezi wa Agosti, wakaushika mpaka mwanzoni mwa Novemba, na ndege za T-28 za jeshi la taifa zikaushambulia kutoka juu. T-28 ni ndege ya panga moja, isiyofika hata nusu ya mwendo wa sauti. Rubani wake aliweza kuiona barabara na paa la nyumba kwa macho. Hata hivyo wazee wa mji wajua kwamba mabomu katika mji hayachagui.

Sasa tuje kwenye ndege ipitayo sauti. Mwaka 1979 Tanzania ilikuwa vitani na Idi Amin wa Uganda, ambaye majeshi yake yalikuwa yameivamia nchi ya Kagera mwezi wa Oktoba na Novemba 1978. Kanali Gaddafi wa Libya alimsaidia Amin kwa askari na silaha. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya ya namna ya Tupolev 22, iliyojengwa na Warusi na iwezayo kwenda kilomita 1,500 kwa saa, ilikuja juu ya mji wa Mwanza, ikikusudia kuliteketeza ghala la mafuta. Mwanza si mji wa kufichika. Una ziwa mbele, una mawe makubwa yaliyobebana ambayo rubani aweza kuyatambua kutoka mbali. Silaha za ndege hiyo zilianguka katika kisiwa cha Saanane, kilicho karibu na mji, ambacho kilikuwa hifadhi ya wanyama. Swala kadhaa waliuawa, na ndege wa porini pamoja nao. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa kidogo. Ghala la mafuta lilibaki vile vile. Siku chache baadaye ndege za Tanzania zilijibu kwa kupiga mabomu Uganda, na tarehe 11 Aprili Kampala ikatekwa.

Watu walicheka habari ya swala wale, nami naelewa kwa nini. Lakini yafaa kutazama ramani. Kutoka Saanane mpaka katikati ya mji ni kama kilomita mbili. Hata kwa mwendo wa kilomita 900 tu kwa saa, chini ya mwendo wa sauti, ndege yapita umbali huo kwa sekunde nane. Kosa lile lile likielekea upande wa nchi kavu badala ya upande wa ziwa lingeangukia nyumba na soko.

Basi, je, hakuna siku ambayo uzito na mwendo vilifanya kazi? Ipo. Katika vita vya pili vya dunia Mwingereza Barnes Wallis alitengeneza bomu liitwalo Tallboy, lenye uzito wa kilo 5,400, lenye umbo la samaki na ngozi ya chuma kigumu. Lilibebwa na ndege ya Lancaster, ambayo ni ya mwendo mdogo sana, lakini likiangushwa kutoka mita 5,500 lilifika chini na mwendo wa kilomita 1,200 kwa saa, kama mwendo wa sauti. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Juni 1944 mabomu hayo yaliangushwa Saumur, Ufaransa, juu ya njia ya reli iliyochimbwa chini ya kilima, na moja lilipenya kilima na kulipuka ndani ya njia. Tazama vizuri lakini: karibu nusu ya uzito wa Tallboy ilikuwa baruti. Uzito ulifungua mlango, baruti ikafanya kazi ndani. Wala hapakuhitajiwa ndege ya mbio, urefu ulitosha.

Habari ya pili ni ya miaka ya karibu, nayo ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1999 Wamarekani, walipokuwa wakipiga mizinga ya kutungulia ndege huko Iraki ya kaskazini, waliona kwamba mizinga mingine imewekwa karibu na nyumba za watu. Walichukua mabomu yasiyo na baruti, yaliyojazwa zege tupu, wakayafunga chombo cha kuyaongoza kwa mwanga wa leza. Mwaka 2011 Wafaransa walifanya vivyo hivyo Libya, kwa mabomu ya zege ya kilo 300 ambayo kwa kawaida hutumika kufundishia marubani. Bomu la namna hiyo likikipiga kifaru juu kabisa hukivunja, na nyumba ya jirani hubaki imesimama.

Nawaomba wasomaji wasipite haraka hapa, maana kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Bomu la baruti lisipolipuka hubaki ardhini miaka na miaka, mpaka mtoto anayechunga mbuzi au mama anayelima aliguse. Katika Kivu tumewazika watu kwa ajili ya vyuma vya namna hiyo. Zege likikosa, ni zege tu. Kwa hiyo silaha isiyo na baruti si upuzi mtupu. Lakini angalia kilichoifanya iwezekane: ule mwanga wa leza ulioliongoza bomu mpaka mahali pake. Ndege za Wafaransa zaweza kupita sauti. Mwendo huo hawakuuhitaji kwa kazi hii. Mtu mwenye shabaha hutosheka na jiwe dogo, na asiye na shabaha hata mlima haumsaidii.

Je, kuangusha bomu katika mwendo wa kupita sauti hakufai kabisa? Kwafaa, ila si kwa kugonga. Mwaka 2006 ndege ya Wamarekani F-22, ikienda mara moja na nusu ya mwendo wa sauti, mita 15,000 juu, iliachilia bomu la kilo 450 lenye kuongozwa na satelaiti, nalo likaenda kupiga mahali palipokuwa umbali wa kilomita 44 hivi. Mwendo ule mkubwa ulitumika kulitupa bomu mbali, ili rubani asikaribie mizinga ya adui. Lilipofika, kazi iliyobaki ilikuwa ya baruti kama siku zote.

Tusisahau wale wasemao habari za anga za juu kabisa. Katika miaka ya 1950 Mmarekani Jerry Pournelle, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Boeing na baadaye akawa mwandishi wa hadithi, aliwaza juu ya fimbo za wolframu zilizowekwa kwenye satelaiti na kuangushwa duniani. Mwaka 2003 jeshi la anga la Marekani lilitaja wazo kama hilo katika mpango wake wa miaka ijayo. Fimbo yenye urefu wa mita 6 na unene wa sentimita 30 ingekuwa na uzito wa tani 8 na zaidi, na ingefika chini, baada ya kupunguzwa na hewa, kwa mwendo wa mita 3,000 kwa sekunde hivi. Hapo kweli kilo ya chuma yalingana na kilo ya TNT. Basi fimbo moja ni tani 9 za TNT. Bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 lilikuwa na nguvu za tani 15,000. Gawanya mwenyewe, uone ni fimbo ngapi, kisha uhesabu gharama ya kupandisha kila moja kwa roketi, ambapo kilo moja tu hugharimu zaidi ya dola elfu moja. Mkataba wa mataifa wa mwaka 1967 wakataza kuweka silaha za atomu katika mzunguko wa dunia. Fimbo za chuma haukuzitaja, na hata hivyo hakuna nchi iliyotangaza kuziweka huko.

Nilisema nitarudi kwenye jiwe letu. Wolframu hutoka Kivu na Maniema, na ng'ambo ya mpaka pia, huko Rwanda, kwenye machimbo kama ya Nyakabingo. Ni mojawapo ya madini manne ambayo sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iliwataka wafanya biashara waeleze yametoka wapi, pamoja na bati, tantali na dhahabu, kwa sababu ya vita vya Congo. Je, huingia katika silaha? Ndiyo, huingia. Mizinga ya vifaru hupiga mishale ya wolframu, kila mmoja wa kilo chache tu, mwembamba kuliko mpini wa jembe, usio na baruti ndani yake. Hutoka mdomoni mwa mzinga kwa mwendo wa mita 1,500 mpaka 1,700 kwa sekunde, mara mbili ya nguzo yetu ya Kavumu, na nguvu zake zote hukusanyika mahali padogo kama sarafu. Kifaru cha adui kiko kilomita mbili mbele, na mshale hufika kabla ya sekunde mbili kwisha. Hakuna safari ya sekunde 55, hakuna upepo wa mbingu saba, na mpiga shabaha humwona anayempiga. Kwa kazi hiyo ndogo na ya karibu, chuma kitupu kimeishinda baruti kweli kweli.

Lakini mishale hiyo ni sehemu ndogo ya wolframu ya dunia. Iliyo nyingi husagwa, huchanganywa na kaboni, na kuwa ncha ngumu za vyombo vya kukatia chuma na kutobolea mwamba, katika viwanda, katika barabara zinazojengwa, na katika machimbo makubwa yenye mashini. Mchimbaji wa Kivu hulitoa jiwe lenyewe kwa nyundo na patasi ya chuma cha kawaida, iliyonolewa tena kila jioni.